Simu ilikuwa kwenye chaja, mama hayupo

Wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Mwalimu mkuu amenipa dakika kumi niongee juu ya kuwalinda watoto na wazee wetu kwa simu. Mimi ni fundi simu, kuongea mbele za watu sijazoea, kwa hiyo nikipotea mnivute shati.

Kibandani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, wanakuja watu wa namna mbili, ombi lao moja. Wa kwanza ni mzazi: "Fundi, niwekee kitu nione mwanangu anachati na nani, ila asijue." Wa pili ni baba mwenye simu yenye kava la maua, anasema ni ya mwanawe. Naiwasha, kioo kinaleta picha ya harusi, bwana harusi ni yeye mwenyewe. (Kicheko.) Huyo namrudishia simu yake.

Na yule wa kwanza pia namkatalia. Hizo programu za kujificha, ili ziingie kwenye Android, kwa kawaida lazima kwanza uzime ulinzi wa simu. Zikishaingia, meseji na picha za mtoto zinakwenda kukaa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua wala hujui yuko nchi gani. Umeajiri mlinzi, ukampa funguo, hata jina hukumuuliza. Halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na simu ya mkeo si mali yako.

Ninachoweka mimi ni programu ya Family Link ya Google. Ni bure. Mtoto akitaka kupakua gemu, ombi linakuja kwako. Unapanga saa ya simu kujifunga usiku. Unaona simu iko wapi. Meseji haisomi, na mtoto anajua ipo. Wengi wananiambia, sasa ya nini? Binti yangu yuko darasa la sita. Juzijuzi amekuja jikoni kaishika simu kwa vidole viwili kama ameokota panya: "Baba, huyu wa kwenye gemu anataka picha yangu, na ananiita mpenzi." Kaileta mwenyewe. Angekuwa anajua namchungulia, angefuta akanyamaza. Tulipiga picha ya kioo, tukamfungia yule mtu. Likiwakuta kama hilo, namba ya watoto ni 116, haina gharama.

Kwa wazee, nisiwachoshe: balaa lao kubwa ni pesa. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mzee ana mtoto Dar anayemdai ada, anatuma. Mkae naye, mumwonyeshe meseji yenyewe, aipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, na namba ya siri asimtajie hata mjukuu.

Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau. Kwenye WhatsApp mtu akikuonyesha mahali alipo, panaonekana kwa muda wa saa nane tu, basi, kwa hiyo nilimwekea ile ya Google Maps, isiyokoma mpaka uizime. Siku moja tangu asubuhi ramani inaniambia yuko nyumbani Makorora. Nikatulia, nikatengeneza simu za watu. Saa saba dada anapiga analia. Simu ilikuwa kitandani, kwenye chaja. Mama tulimkuta sokoni Mgandini, amesimama anagombana na muuza dagaa, anamwambia aondoke kwenye meza yake. Ni kweli ilikuwa yake, kabla huyo muuza dagaa hajazaliwa. Aliyetuonyesha ni kijana wa bodaboda.

Sasa hivi kanga zake zote zina namba yangu imeshonwa kwenye pindo, kwa uzi mweusi, na kijiwe cha boda pale kona wanamjua kwa sura. Ramani sijaizima. Siku akikumbuka kubeba simu, inasaidia.

Mtaniona pale chini ya mwembe mpaka saa sita. Anayetaka kuwekewa aje na mtoto mwenyewe akae pembeni yetu tukiweka. Aliyekuja na simu tupu, naomba akamwite kwanza.