Kivuko Kifupi, Foleni Fupi

Najua wapo wanaonong'ona: huyu naye na vivuko vyake! Nongoneni tu, leo ni vivuko vya waenda kwa miguu tena.

Kila tukizungumzia katikati ya jiji tunavutana: sekunde za taa ya kijani apewe mwenda kwa miguu au dereva? Hesabu inakataa ugomvi huo. Chukueni barabara ya njia nne, kila moja mita 3.5, na maegesho ya mita 2 kila upande. Jumla mita 18. Mzee mwenye mkongojo au mama aliyebeba mtoto mpigieni mita moja kwa sekunde. Basi anahitaji sekunde 18, na muda wote huo magari yamesimama.

Sasa ongezeni njia ya miguu pale kwenye kona imeze yale maegesho, mita 2 huku, mita 2 kule. Zimebaki mita 14. Mmeokoa sekunde 4. Mnacheka? Taa zikizunguka kila sekunde 90, kwa saa ni mizunguko 40, yaani sekunde 160 za kijani. Foleni ikianza kutembea, gari hupita kila sekunde 2 hivi. Hayo ni magari 80 zaidi kwa saa, kwa njia moja, mradi muda wa mvukaji ndio unaoshikilia taa. Na barabara haijapanuliwa hata shubiri.

"Maegesho yatapungua!" Yapungue! Gari lililoegeshwa ubavuni mwa kivuko ndilo linalomficha mtoto. Dereva anamwona akiwa tayari yuko juu ya lami. "Mabasi hayatapinda!" Pimeni kona kwa basi refu kuliko yote linalopita hapo, kisha rudisheni nyuma mstari wa kusimamia wa barabara linayoingia, lipate pa kupitishia pua.

Kinachoharibu kazi hii ni maji. Ukingo mpya unaziba mfereji wa pembeni, mvua ikinyesha dimbwi linatuama pale pale pa kushukia, watu wanalizunguka na kutembea barabarani. Mmejenga usalama, mmevuna dimbwi. Wekeni tundu la kupokelea maji upande yanakotoka, kabla hayajafika kwenye ukingo, na mteremko wa kushukia usizidi sentimita 1 kwa kila 12.

Mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili. Haraka basi: wavukaji wapewe kijani sekunde 3 hadi 7 kabla ya magari yanayopinda, ili wawe wameshaonekana. Kisiwa cha katikati ya barabara, pale mvukaji anaposubiri, kisipungue upana wa mita 1.8, la sivyo kiti cha magurudumu kinabaki kimechungulia barabarani. Palipo na pundamilia bila taa na njia mbili za upande mmoja, mstari wa kusimamia uwe angalau mita 6 nyuma, kwa sababu gari la kwanza likisimama mdomoni mwa kivuko linamziba mvukaji, na la pili linapita bila kumwona.

La taa za vibonyezo mniulize kwenye maswali. Nina mengi.