Salaita, mapango na wapagazi: alama za kale za Taita-Taveta

Wazee wetu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma na madaftari, asanteni kwa kuja.

Anayetoka Voi kwenda Taveta hupita kilima kifupi cha mawe na vichaka. Wengi hawageuzi hata shingo. Hicho ndicho Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Afrika Kusini wa upande wa Waingereza, waliokuwa wageni kabisa katika vita vya huku, waliamriwa kukitwaa. Waliokilinda walikuwa jeshi la Wajerumani, wengi wao askari Waafrika. Mizinga ya Waingereza ikapiga kileleni, kumbe mahandaki yamechimbwa chini, kwenye miguu ya kilima. Waafrika Kusini walirudi mbio, na Wabaluchi wa jeshi la India ndio waliowakinga wasimalizwe. Mwezi uliofuata vita vikahamia vilima vya Latema na Reata, na Taveta, ambayo Wajerumani waliishika tangu Agosti 1914, ikawatoka.

Sasa nendeni kwenye makaburi ya vita, Taveta au Voi. Mawe yamepangwa mstari mmoja, kila jiwe na jina, kikosi na tarehe. Nayaheshimu makaburi hayo. Lakini kila nisimamapo pale najiuliza: maji aliyokunywa kijana huyu asubuhi ya kufa kwake, nani aliyabeba? Reli ya kutoka Voi ilianza kujengwa 1915 kwa ajili ya vita hivi, ikapita Mwakitau. Reli ilipoishia, mzigo ulipanda kichwani mwa mtu.

Mtu huyo ni mpagazi. Jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, lililainishwa na ndimi zetu, nalo lipo mpaka leo: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Katika vita vya Afrika Mashariki wapagazi walikufa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Sanamu za askari kule Nairobi na Mombasa zina maandishi ya Kiswahili yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Lakini miguu na mikono haina jina, na wengi wao hata kaburi la kuonyeshwa halipo.

Wataita walijua kumkumbuka mtu bila kuandika. Zamani, marehemu akishakaa kaburini muda wa kutosha, fuvu lake lilitolewa na kuwekwa katika pango la ukoo, pamoja na waliomtangulia. Ukame ukizidi au maradhi yakiingia, wazee walikwenda pale kutambika. Wamisheni Waanglikana walifika Sagalla mwaka 1883, dini mpya ikaenea, na desturi hiyo ikafifia. Ila yako mapango ambayo mafuvu yamo hadi leo. Iko pia misitu ya fighi, ambayo mtu hakuruhusiwa kukata hata kuni. Mahali kama hapo palilindwa vizazi na vizazi bila kibao wala ukuta, kwa sababu kila mtoto aliambiwa.

Nawasihi, hasa nyinyi wenye simu za picha: ukifika kwenye pango la watu, mtafute kwanza mzee wa ukoo ule. Usiguse. Usipige picha ukairusha mtandaoni. Yule ni babu wa mtu.

Na wapagazi je? Vibao vya kando ya barabara tutaviomba kaunti, na mimi nitaendelea kuomba. Lakini kibao kitaandikwa nini ikiwa majina hatuna? Waliowaona kwa macho wamekwisha. Waliosimuliwa na hao bado wapo, tena wengine wameketi humu. Leo usiku muulize bibi: nani wa kwetu alikwenda Kariakoo? Alitoka kijiji gani? Alirudi? Jina moja tu linatosha kuanzia. Nimeleta daftari tupu, liko mezani karibu na mlango, na kalamu ipo.