Ningu Hajifichi

Wazee wangu, mama zangu wachuuzi, na nyinyi vijana mlioacha boti Dunga na Usenge mkaja kuketi nasi hapa Kisumu, ahsanteni.

Nimeombwa nizungumze juu ya samaki mgumu kupatikana. Huenda mlitarajia mbuta, yule sangara mkubwa. Mbuta ana watu wengi wa kumsemea, kwa kuwa ana kiwanda na ana soko la ng'ambo. Mimi nimekuja kwa ajili ya ningu, samaki wa asili wa ziwa hili. Aliyewahi kumtoa majini kwa mkono wake na ainue mkono. Naona mitatu, yote ya wenye mvi. Jambo hilo linaniuma.

Ziwa letu, Viktoria, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tena tangu bwawa la Owen Falls lilipokamilika kule Jinja mwaka 1954, maji yanayotoka hupitia malango yaliyojengwa na binadamu, ndiyo maana wahandisi hulihesabu ziwa lenyewe miongoni mwa mabwawa makubwa kabisa duniani. Katika maji mengi namna hiyo, ukimwinda samaki asiyepita sana urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole, utazeeka. Wazee wetu hawakuhangaika naye huko. Walimngoja mtoni.

Ningu hula ziwani, mdomo wake umeelekea chini, akilamba tope na mwani ulioota juu ya mawe. Lakini hazalii huko. Mvua ya masika inaposhuka, mito ya Nzoia, Yala, Sondu na Kuja ikageuka rangi ya chai ya maziwa, yeye hunusa maji yale mapya na kuanza kupanda. Hupanda kwa makundi, jike tumbo limejaa mayai, mpaka kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Hapo ndipo hutaga. Kisha hurudi, na vifaranga hufuata maji yakipungua. Kwa hiyo ukijua mvua, umemjua ningu. Bibi yangu, aliyeishi karibu na Nzoia, alikuwa akitazama mawingu ya upande wa Elgon ndipo aseme kama tutahitaji chumvi ya kukaushia samaki.

Zamani watu walisimamisha uzio wa fito mtoni, ule uitwao kek, wakapachika vikapu kwenye mianya yake. Ilikuwa kazi ya ukoo mzima, na wakati wake ulijulikana.

Mwaka 1905 nyavu za kunasia ziliingia katika ghuba yetu. Baadaye zikaja za nailoni, nyepesi, zisizooza. Mtu mmoja na mtumbwi wake akaweza kuufunga mlango wa mto usiku mmoja. Jike likanaswa likiwa linakwenda kutaga, mayai bado tumboni. Kufikia 1965 watafiti walikuwa tayari wanaandika jinsi ningu wa Nzoia alivyopungua, na jinsi mitego ya asili ilivyofifia pamoja naye. Mnisikilize vizuri hapo: ufundi uliondoka kwa sababu samaki aliondoka. Mbuta, anayesingiziwa kila kitu, alikuwa ndiyo kwanza anazoea ziwa.

Ndiyo maana sikubali ningu aitwe mjanja au mwenye kujificha. Hana ujanja wowote. Ana njia moja tu, nasi tunaijua.

Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamekuwa wakimzalisha kwenye mabwawa ya kufugia, kule Kegati, Kisii. Nawashukuru kwa moyo wote. Ila kifaranga wa Kegati akiachiliwa Nzoia atakuta nyavu zile zile mlangoni.

Ombi langu kwa kamati za fuo ni dogo. Maji yakishageuka rangi, nyavu ziondolewe kwenye milango ya mito kwa wiki zile za kupanda. Anayetaka ningu amngoje akishuka, tumbo likiwa tupu. Nyama itakuwa imepungua kidogo, najua, na miiba ni ile ile. Mwezi wa tatu nitakuwa Nzoia na wazee hawa watatu, tukipima maji kila asubuhi. Kijana anayetaka kujifunza kusuka kikapu cha kek aje na panga lake.