Karatasi Haina Taa Yake

Asalaam alaikum, na hamjambo nyote.

Nianze na hii picha niliyoshika. Ni mama amekaa barazani kwake Mji wa Kale, amevaa buibui, nyuma yake mlango wa nakshi. Kwenye skrini nilikuwa naiona mikunjo yote ya buibui: ya begani, ya kiwiko, na pale kitambaa kilipojikusanya gotini. Nikaichapa. Mikunjo yote imemezwa, limebaki doa jeusi lenye uso na mikono. Nikailaumu printa, nikabadilisha hata wino. Doa liko pale pale.

Ndugu zangu, printa haikuwa na kosa. Skrini ina nuru yake. Karatasi huazima nuru ya chumba. Skrini nyingi hutoka dukani zikiwaka kandela (kipimo cha mwangaza) 250 na zaidi kwa mita moja ya mraba. Kwa mwangaza huo kila kitu kinaonekana cheupe mno, nawe unaitia picha giza bila kujua. Ishusheni iwe kati ya 80 na 120. Kisha fungueni ukurasa mweupe mtupu, mshike karatasi yenu kando yake chini ya taa ya kukagulia. Weupe ukaribiane.

Huo ni weupe, na ndio rahisi. Kazi iko kwenye weusi. Kwenye skrini ya kawaida nyeupe huishinda nyeusi mara 1,000 hivi. Karatasi isiyong'aa hufika kama mara 50; inayong'aa, 200 au kupita kidogo. Kwa hiyo picha itabanwa tu, mpende msipende. Swali ni nani ataibana, wewe au mashine?

Mimi nilichapa ukanda wa vijivu 21, kutoka nyeupe hadi nyeusi tupu, kila kimoja kikizidi cha kabla yake kwa asilimia 5. Nikaupeleka dirishani. Vitatu vya mwisho, 90, 95 na 100, vilikuwa kitu kimoja. Na buibui lote lilikuwa humo humo! Nikavipandisha vivuli vya chini peke yake, yaani nikavitia mwanga, uso sikuugusa, nikachapa tena.

Programu ya kuhariri inaweza kuwaonyesha mapema karatasi itakavyobana, mradi mtumie profaili, yaani faili ya maelezo ya rangi, ya karatasi ile ile na wino ule ule. Mkiiwasha, picha hufifia ghafla. Wengi hushtuka wakaizima. Msiizime, tazameni pembeni kidogo, kisha rudini.

Kuna na kijivu kisicho kijivu. Printa ikikitengeneza kwa kuchanganya samawati, majenta na manjano, chapa huweza kuwa ya kijani kidogo chini ya nuru moja, na chini ya nyingine ikawa ya waridi. Ndiyo maana napendelea printa zenye wino mweusi pamoja na wa kijivu, kama zile za Epson za wino wa K3 zilizotoka 2005.

Na msihukumu chapa ikiwa mbichi. Kwa unyevu wetu huu wa Pwani, mimi huiacha ilale usiku kucha, halafu naitazama pale itakapotundikwa. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na madirisha machache. Picha iliyopendeza barazani huweza kuzama sebuleni.

Chapa zote mbili hizi hapa, zipitisheni. Msizitazame mkiwa mmekaa, zisogezeni dirishani. Anzeni na ile yenye doa.