Kibaraza Kina Kazi

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana mliojazana mlangoni, sogeeni, mikeka ipo.

Mwenyekiti wa mtaa aliponiomba nije niongee habari za ustawi wa wakazi, nadhani alitegemea nizungumzie mitaro na zahanati. Mitaro tutaisema masika ikikaribia. Leo nina kibaraza.

Waliokulia Magomeni au Ilala wanaijua nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo, mbele kibaraza. Mtoto akirudi shule hakosi mtu mzima. Mimi nimelelewa na korido ile, na bakora zake pia (nyingine sikustahili, ila kesi imeshafungwa).

Kwenye nyumba tuliyopanga, bibi mmoja alikuwa akipika vitumbua barazani tangu alfajiri. Mstaafu wa chumba cha mwisho alinunua viwili kila siku, na lazima kimoja kiungue kidogo, ndivyo alivyopenda. Siku moja saa mbili ikapita, vitumbua vyake bado vimefunikwa kwenye sahani. Bibi akaipua chuma chake, akamtuma mtoto akagonge. Mzee alikuwa chini, upande mmoja umelegea, sauti haitoki. Vijana wa kijiweni wakambeba hadi kwenye teksi. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, akipokea vitumbua vyake kwa mkono wa kushoto.

Siku hizi tunajenga ukuta, juu tunapanga vipande vya chupa. Wezi siwatetei. Lakini ukuta haujui kama leo hujanunua vitumbua.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 mkoa huu wa Dar es Salaam, na bado mtu anaweza kumaliza siku tatu hajasemeshwa. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Mnadhani wazee ndio wanaoongoza? Hapana, ni vijana wadogo, hawa hawa tunaosema wana marafiki elfu kwenye simu.

Sisemi turudi kupanga foleni ya choo uani. Kaya 644 za Magomeni Kota zimepata maghorofa, na mimi nafurahi nao. Swali langu ni dogo: bibi wa ghorofa ya juu akishuka, anakaa wapi, na nani atamwona?

Najua, kibaraza kina umbea. Jicho linaloona nani karudi usiku wa manane ndilo hilo hilo linaloona dirisha la nani halijafunguliwa.

Basi naomba mabenchi mawili pale chini ya mwarobaini, karibu na wacheza bao. Fundi seremala yupo hapa, ameniambia mbao anazo, misumari ndiyo hana. Haya, nani ana misumari?