Dakika Moja, Miaka 49

Jinsi wale wanamichezo na makocha wa Israeli walivyotekwa kwenye Olimpiki ya 1972 pale Munich, Ujerumani, sitaanza nayo, wengi mnaijua na asiyeijua simu anayo mkononi. Mimi nimekuja na habari ya dakika moja. Dakika moja ya kukaa kimya kwenye ufunguzi wa Olimpiki, ambayo familia za wale Waisraeli 11 waliouawa Septemba 1972 waliililia wee mpaka wakaipata Tokyo, tarehe 23 Julai 2021. Piga hesabu mwenyewe. Walionisikia nikiisema hii kabla ya leo wanivumilie tu, ndo wimbo wangu na sina mwingine.

Sasa kuna huyu Andre Spitzer, kocha wa vitara, ule mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba, kijana wa miaka 27. Siku moja kulekule kwenye michezo akawaona wachezaji wa Lebanon, akamwambia mkewe Ankie ngoja nikawasalimie. Mke akashtuka, we vipi, hizo nchi zina vita! Jamaa hakusikia, akaenda, na Ankie kasimama mbali anaangalia roho juu juu, anaona wanapeana mikono, wanaulizana matokeo, wanaongea kama watu waliosoma darasa moja. Akarudi uso umemjaa furaha, akamwambia hiki ndo kitu nilichokuwa nakiota. Mnaelewa? Huyo ndo mtu aliyeuawa. Katoto kao kachanga kalikuwa kanaumwa Uholanzi, Andre akaenda kukaona, akarudi Munich usiku wa tarehe 4, na alfajiri ya tarehe 5 wale wanane wa Black September, kundi la Wapalestina wenye silaha, wakaruka uzio. Angechelewa siku moja tu... basi, haya mambo ya ange-ange hayana mwisho.

Ankie akaja baadaye akaingia kile chumba walichoshikiliwa mateka, Connollystraße 31 kwenye kijiji cha wanamichezo, damu, matundu ya risasi, akaapa hatanyamaza. Na kweli hakunyamaza, yeye na Ilana Romano, mjane wa yule mnyanyua vyuma. Kila Olimpiki wanabisha hodi IOC, kamati ya kimataifa inayosimamia Olimpiki, na kila mara wanapewa sababu. Nchi za Kiarabu zitatoka uwanjani. Ufunguzi si mahali pa msiba. Msichanganye michezo na siasa.

Si mahali pa msiba? Vancouver 2010 yule kijana wa Georgia aliyefia kwenye mazoezi alikumbukwa usiku uleule wa ufunguzi, na ni haki yake kabisa. London 2012 ufunguzi ulikuwa na sehemu nzima ya picha za wapendwa waliotangulia. Kwa hiyo msiba unaruhusiwa, inategemea maiti ni ya nani! Mwaka huohuo kituo cha jumuiya ya Wayahudi cha Rockland, New York, kilikusanya saini zaidi ya 100,000 pamoja na Ankie, na Jacques Rogge, rais wa IOC wakati huo, akakataa. Akawapa dakika yao ndani ya kijiji cha wanamichezo siku chache kabla, pembeni, mbali na macho ya dunia.

Najua kuna mtu hapa moyoni anasema, mbona hutaji watoto wa Gaza. Nawataja, na nawalilia. Lakini kwani mieleka aliyokuwa anafundisha Moshe Weinberg ilimuua nani? Maiti hazifutani bwana, tuendelee.

Wayahudi wenyewe hawakungoja ruhusa. Michezo ya vijana wa Kiyahudi ya JCC Maccabi huko Marekani, wale 11 wanakumbukwa kwenye ufunguzi, mbele ya watoto ambao hata wazazi wao wengi hawakuwa wamezaliwa 1972. Na David Berger, mnyanyua vyuma aliyekulia Ohio, ana mnara wa chuma pale Beachwood, kwenye kituo cha jumuiya, zile pete tano za Olimpiki zimekatwa nusu nusu, na umewekwa chini ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani tangu 1980. Mkienda Cleveland msiishie madukani.

Wengine mtasema sisi Waafrika inatuhusu nini. Kipchoge Keino alichukua dhahabu yake ya kuruka viunzi na maji tarehe 4, mkesha wa balaa. Halafu tarehe 6, kwenye ibada ya kuwakumbuka marehemu, mzee Avery Brundage, rais wa IOC wa enzi hizo, akasimama akasema michezo lazima iendelee, na akaingiza habari ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kufukuzwa baada ya nchi za Afrika kuukataa ubaguzi wake, eti michezo imeshambuliwa mara mbili! Sisi tuliokataa ubaguzi tukatiwa kapu moja na wauaji, na wafiwa wamekaa hapohapo wanasikiliza. Na Uganda je? Tarehe 2 John Akii-Bua anaipa nchi dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki, mwezi haujaisha Idi Amin anamtumia Kurt Waldheim wa Umoja wa Mataifa telegramu ya kusifu mauaji yale na kumsifu Hitler juu yake. Kwa hiyo usiniambie haituhusu.

Nilitaka kuwaeleza madudu ya polisi wa Ujerumani kule uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck, walikojaribu kuwaokoa mateka, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi walivuruga, na mwaka 2022 Rais Steinmeier akaomba radhi na familia wakakubaliana fidia ya euro milioni 28. Ya fidia ina mambo yake, tuiache.

Haya, maswali. Tuanze na yule mzee wa nyuma anayetingisha kichwa tangu nimtaje Amin.