Nani Aliyechagua Akaunti Hiyo? Mhadhara kwa Wenye Maduka na Watunza Vitabu, Dodoma

Habari za mchana, ndugu zangu. Naona waliotoka Kibaigwa wamefika mapema kuliko sisi wa Area D. Tuwapigie makofi, kisha tuanze.

Niliombwa niwaeleze programu ipi ya uhasibu mnunue. Hilo nitaliacha, maana programu yoyote yenye heshima yake itaandika debiti na krediti, zile pande mbili za kila muamala, vilevile. Mimi nataka tukae kwenye ukurasa mmoja wa mipangilio ambao fundi huujaza harakaharaka siku ya kuuweka mfumo dukani, wakati mwenye duka anahangaika na wateja mlangoni. Ni ukurasa wa akaunti za chaguo-msingi. Pale ndipo mfumo unapoambiwa: ukiona mauzo, andika huku, ukiona deni la mteja, andika kule.

Chukueni ankara moja. Duka la vifaa vya ujenzi linauza saruji na nondo za shilingi 10,000,000. Ongeza VAT asilimia 18, inakuwa 11,800,000. Muuzaji anachagua jina la mteja, anachagua bidhaa, anaweka idadi, anahifadhi. Hakuandika debiti wala krediti popote. Lakini ukifungua leja kuu, kitabu kinachokusanya akaunti zote, unakuta mistari mitano: wadaiwa debiti 11,800,000, mauzo krediti 10,000,000, VAT krediti 1,800,000, halafu gharama ya bidhaa zilizouzwa debiti, na stoo krediti, tuseme 8,700,000 kila upande. Mistari mitano, na muuzaji hakuchagua akaunti hata moja. Alichagua fundi, miezi kadhaa nyuma, pengine akiwa na haraka ya kuwahi basi la Singida.

Sasa mfumo unazitoa wapi? Programu nyingi zina ngazi. Ya juu ni kampuni nzima. Chini yake kuna kundi la bidhaa, kisha bidhaa yenyewe, na pembeni kuna mteja au msambazaji. Mfumo unaanza kutafuta chini: bidhaa hii ina akaunti yake? Haina, basi kundi lake. Kundi nalo halina, basi kampuni. Ushauri wangu, na najua wapo wahasibu hapa watakaonipinga, ni huu: akaunti za mauzo na za gharama wekeni kwenye kundi. Mabati kundi lake, saruji kundi lake, rangi kundi lake. Ukiweka kwenye bidhaa mojamoja, kijana wa stoo akisajili rangi mpya akasahau kujaza, unapata nusu ya rangi huku na nusu kule. Ukiweka kwenye kampuni peke yake, kila kitu kinaitwa "mauzo" na hujui saruji inakulipa au unaisafirisha bure.

VAT nayo ina mlango wake: akaunti yake inatoka kwenye aina ya kodi, na kila aina ya kodi inadai akaunti ya upande wa mauzo na ya upande wa manunuzi. Tenganisheni. Ritani ya TRA inauliza pande zote mbili, na tarehe 20 ya mwezi unaofuata haikusubiri utafute. Nimeona hesabu ambazo VAT ya mauzo ilielekezwa kwenye akaunti ya mapato. Mwenye duka anafurahia faida iliyonenepa, anaongeza mzigo, anakarabati nyumba. Pesa yenyewe ni ya serikali.

Na kwa kuwa tumeitaja serikali, tuingie Mtumba, kwenye mji wa serikali. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, wengi wenu mmepata mteja ambaye wenzenu wa mikoa mingine wanamtamani: taasisi za umma. Mteja huyu akinunua bidhaa anakata kodi ya zuio asilimia 2. Ile ankara yetu ya 11,800,000 italipwa pungufu, kwa sababu asilimia 2 ya 10,000,000 ni 200,000. Kwa zuio hilo peke yake, benki zinaingia 11,600,000. Mtunza vitabu anafungua dirisha la kupokea malipo, anaona tofauti ya 200,000, na mfumo unamuuliza kwa upole: nifute hii tofauti? Anabonyeza ndiyo. Mfumo unaipeleka kwenye akaunti ya chaguo-msingi ya punguzo kwa wateja, au ya madeni yasiyolipika, kutegemea fundi alijaza nini.

Hapo umepoteza pesa mchana kweupe. Ile 200,000 haikuwa punguzo. Ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema, na cheti cha zuio ndicho kinakupa haki ya kuitoa kwenye kodi ya mwaka. Ikishaitwa punguzo, mwisho wa mwaka hakuna anayeikumbuka. Kuna na wale wanaokataa kubonyeza ndiyo wakaacha tofauti ikining'inia. Orodha yao ya wadaiwa inajaa taasisi zinazodaiwa asilimia mbili mbili, na wanazipigia simu kudai. Dawa ni kufungua akaunti upande wa mali inayoitwa "kodi ya zuio iliyokatwa", kisha kuiweka iwe chaguo mojawapo kwenye dirisha la kupokea malipo. Kazi ya dakika chache. Vyeti vikija, mnalinganisha na akaunti hiyo kimoja kimoja.

Lipa namba. Kila njia ya malipo iwe na akaunti yake: taslimu, benki, lipa namba ya mtandao huu, lipa namba ya mtandao ule. Wengi mnaelekeza lipa namba moja kwa moja benki kwa sababu mwisho wa siku pesa inahamia huko. Lakini inahamia kesho au keshokutwa, tena ikiwa na makato. Ukiiandika benki leo, taarifa ya benki na leja havitaonana kamwe.

Kuna akaunti nyingine ambayo wenye maduka hawaijui kabisa, nayo ni ya mzigo uliopokelewa bila ankara. Lori la saruji linashusha Ijumaa jioni, mtunza stoo anapokea, stoo inapanda. Ankara ya msambazaji inakuja Jumatano. Katikati hapo, krediti inakaa wapi? Inakaa kwenye akaunti hii, na ankara ikiingia inafutika. Kwa hiyo salio lake ni la kukaguliwa kila mwezi: likiwa linakua tu, ama ankara hazijaingizwa, ama zimeingizwa kama matumizi na mzigo mmoja umeandikwa mara mbili. Fundi asiyejua huiacha wazi, au mbaya zaidi, anaielekeza kwenye akaunti ya wadai, wale unaowadaiwa, na hapo huwezi tena kujua deni lipi lina ankara na lipi bado.

Akaunti ya tofauti za senti nitaipita haraka. Mfuko wa saruji ukiuuza 17,500 pamoja na VAT, kodi iliyomo ni 2,669.49. Mfumo utakusanya visenti hivyo na utahitaji pa kuvitupa. Wekeni akaunti ndogo ya matumizi, muisahau.

Msidhani programu inakuja imekamilika. Tally, kwa mfano, inakupa makundi 28 tayari, lakini leja zilizofunguliwa ni mbili tu: ya fedha taslimu na ya faida na hasara. Zilizobaki ni juu yako. Nyingine zinakuja na orodha ndefu iliyotengenezwa kwa nchi ya watu, yenye kodi ambazo Tanzania hazipo, na unakaa unajiuliza hii ni ya nini.

Naam, dada mwenye kitenge. Anauliza: akibadilisha akaunti leo, ankara za nyuma zitajirekebisha? Hapana, dada yangu. Chaguo-msingi linafanya kazi kuanzia muamala unaofuata. Za nyuma zinabaki zilipo, na kuzihamisha unahitaji hati ya marekebisho (journal), iwe na maelezo na sahihi. Akaunti ya stoo programu nyingine hazikuruhusu hata kuigusa kama kuna miamala tayari. Kwa hiyo kabla hujaanza, fungua kampuni ya majaribio ndani ya mfumo. Ingiza ununuzi mmoja, mauzo mawili, malipo yenye zuio, na mzigo uliorudishwa. Toa urari, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote, ukae na mhasibu wako muupitie mstari kwa mstari. Ukiona akaunti yenye jina usilolielewa ina salio, usimruhusu fundi aondoke. Na malipo yake ya mwisho mpe baada ya hapo.